Sherehe ya mtoto isiyoacha takataka

Mwaka 2022 niliitwa kwenye zizi la mzee mmoja katika kijiji ninachokihudumia. Mtamba wake alikuwa amekonda. Hakuwa na hamu ya kula, lakini tumbo lilikuwa limejaa upande wa kushoto. Nilimwita daktari wa mifugo. Kabla hajafika, mtamba alikufa.

Daktari alimpasua. Katika tumbo kubwa la kwanza tulikuta donge la plastiki lililosokotana kama kamba. Ilikuwamo mifuko, vikombe vilivyotafunwa, mirija, na puto moja jekundu lenye uzi wake.

Mama mmoja jirani alikuwa amesimama hapo. Aliliangalia puto lile, akanyamaza. Wiki chache kabla ya siku hiyo alikuwa amemfanyia mtoto wake sherehe ya kuzaliwa. Maputo mekundu yalifungwa mlangoni kwake.

Ndugu msomaji, lazima niseme haki. Donge lile halikuwa la siku moja. Plastiki haiyeyuki tumboni mwa ng'ombe, wala haitoki. Hukaa, na nyingine huongezeka juu yake. Mwishowe majani hayapati nafasi, na mnyama hukonda huku tumbo limejaa. Hakuna dawa ya kunywesha inayoyeyusha donge kama hilo. Takataka zile zilitoka nyumba nyingi, labda hata nyumba ya mzee mwenyewe. Lakini puto lilikuwa moja tu, na kila mtu alilijua. Tangu siku hiyo nyumba hizo mbili hazikusalimiana.

Wengine huuliza: je, plastiki si ilipigwa marufuku? Ni kweli, Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu tarehe 1 Juni, 2019. Lakini marufuku hiyo haikugusa kila kitu. Biskuti na pipi bado hufungwa kwa plastiki. Maputo, mirija na vikombe vya kutupa bado vinauzwa. Kijijini hakuna gari la taka. Kinachotupwa uani kinabaki uani, au kinapeperushwa mpaka malishoni.

Mwaka 2023 mama yule alinijia ofisini.

"Shikamoo, bwana shamba."

"Marahaba, mama. Habari za nyumbani?"

"Nzuri. Mtoto anatimiza miaka 5, anataka sherehe kama ya mwaka jana. Nikinunua vitu vya dukani, watasema naua ng'ombe wa watu. Nisiponunua, watasema sina uwezo."

Nilielewa hofu yake. Siku hizi watu hupima sherehe kwa wingi wa vitu vinavyotupwa. Mimi naona huo ni upuuzi, lakini mama aliye peke yake hawezi kuupuuza. Basi tulikaa, tukapanga.

Kwanza tulihesabu watoto. Walikuwa 15. Watoto wadogo 15 hawali chakula kingi. Unga wa ngano kilo 2 ulitosha maandazi. Viazi vitamu na ndizi mbivu alikuwa nazo shambani. Keki aliioka mwenyewe kwa sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Karanga nzima nilimkataza kuwapa watoto wa umri huo, maana huweza kuwakaba kooni. Alizitwanga, akazitia katika viazi. Hata kipande cha puto lililopasuka huweza kumkaba mtoto. Hiyo ni sababu nyingine ya kuyaacha.

Kinywaji kilikuwa maji ya ukwaju. Maji yalichemshwa siku moja kabla, yakapoa ndani ya mtungi safi wenye kifuniko. Ukitaka soda, nunua zile za chupa za kioo. Chupa tupu hurudi dukani.

Sahani zilikuwa majani ya mgomba. Yaoshe, kisha yapitishe juu ya moto kidogo. Yatalainika na hayatachanika. Lakini angalia sana: usikate majani yote ya mgomba mmoja wenye mkungu, ndizi zake zitadumaa. Chukua jani moja hapa, jingine pale.

Shida ilikuwa vikombe. Mama alikuwa na 6 tu. Nilimwambia aazime kwa majirani. Alijua nilikuwa na maana ya jirani yupi, akainamisha kichwa. Siku tatu baadaye alikwenda. Mzee hakutoka nje kumpokea. Mkewe ndiye aliyemsikiliza, akampa vikombe 9 vya bati. Alimwambia, "Uvirudishe vyote, mwanangu."

Mapambo hayakutugharimu kitu. Watoto wakubwa walifuma makuti na maua wakayafunga mlangoni. Walitengeneza mpira kwa majani makavu ya mgomba na kamba, na magari kwa mabua ya mtama. Kibuyu chirizi kilitundikwa karibu na mti, pamoja na sabuni, na kila mtoto alinawa kabla ya kula.

Nyuma ya nyumba tulichimba shimo la mboji, upana hatua mbili, kina kufika magotini. Baada ya kula, watoto walishindana kupeleka maganda ya ndizi na majani waliyolia. Tuliweka tabaka la nyasi kavu, tabaka la maganda, samadi kidogo, kisha udongo juu ili nzi wasifuate. Geuza kila baada ya wiki mbili au tatu, na nyunyiza maji likikauka. Baada ya miezi mitatu hivi utapata mbolea.

Mgeni mmoja alileta biskuti za pakiti. Hatukumwaibisha. Karatasi zake za plastiki tulizitia katika gunia, nikaondoka nalo mpaka dampo la mjini. Msizichome jikoni jamani. Moshi wa plastiki una sumu, na watoto ndio wanaokaa karibu na jiko.

Zawadi yangu ilikuwa miche mitatu ya mipapai. Kwa nini mitatu? Kwa sababu mpapai dume hauzai, na mche ukiwa mdogo huwezi kuutambua. Ukitunzwa vizuri, mpapai jike huanza kutoa matunda kati ya miezi 9 na 12. Mtoto aliitia maji siku hiyo hiyo mpaka nikamzuia.

Mzee hakuja kwenye sherehe. Wajukuu zake wawili walikuja. Jioni waliondoka na vikombe 9 vilivyooshwa ndani ya kikapu, na juu yake kipande cha keki ndani ya jani la mgomba. Asubuhi niliporudi kuangalia miche, nilimkuta mzee uani kwa mama yule. Alikuwa ameinama kwenye lile shimo, anauliza kama samadi ya ng'ombe nayo inafaa kuongezwa.