Shahamu Husema na Kinga ya Mwili

Katika miji yetu ya pwani, binti akinenepa baada ya arusi husemwa kuwa ametunzwa, na mtoto mwenye mashavu yaliyojaa humletea mama yake sifa. Mtoto aliyekonda naye hutolewa udhuru: kwao ni wembamba. Kauli hizi zote huichukulia shahamu kuwa ni akiba iliyonyamaza, mfano wa mchele ndani ya gunia, usiofanya lolote mpaka uchotwe.

Matabibu nao waliamini hivyo kwa muda mrefu. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waligundua jeni ya homoni inayotengenezwa na shahamu yenyewe. Homoni hiyo ikaitwa leptini, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya wembamba, kwa kuwa huupasha ubongo habari kwamba akiba ipo, mlaji na atosheke. Tangu hapo shahamu ikahesabiwa miongoni mwa tezi za mwili.

Lililoshangaza zaidi ni kwamba ujumbe huo hausomwi na ubongo peke yake. Chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wetu, nazo huusoma. Mwaka 1998 watafiti wa London walieleza kuwa panya walionyimwa chakula walidhoofika kinga, na walipopewa leptini kinga ikainuka, ilhali bado hawajalishwa. Kupigana na maradhi kuna gharama, na nyumba isiyo na akiba haiajiri walinzi wengi.

Kwa wanadamu, ushahidi ulitoka kwa watoto wawili wa nchini Uingereza, mtu na binamu yake, ambao habari zao zilichapishwa mwaka 1997. Binti wa miaka 8 alikuwa na uzito wa kilo 86. Mvulana wa miaka 2, kilo 29. Walizaliwa bila leptini, hali iliyo nadra mno, hivyo ubongo wao ulidhani wanakufa njaa na ukawaamrisha kula pasi na kikomo. Walipodungwa sindano za leptini, njaa ile ilitulia. Baadaye ilibainika kwamba tiba hiyo huwatengenezea watoto wa namna hii chembe za kinga pia.

Karibu na kwetu, katika kituo cha lishe cha Mwanamugimu kilichomo hospitali ya Mulago, Kampala, watafiti walipima damu ya watoto wenye utapiamlo mkali. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2014 yalionyesha kuwa wale ambao leptini yao ilikuwa chini kabisa ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Kwa hiyo tunapoambiwa “kwao ni wembamba”, tusikubali upesi. Kliniki zina utepe wa kupimia mkono wa mtoto kuanzia miezi 6 hadi miaka 5. Ukisoma chini ya sentimita 11.5, huo ni utapiamlo mkali, na mtoto huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama anacheza.

Upande wa pili una hadithi yake. Kidole kikichomwa na mwiba wa samaki hupata wekundu, huvimba na kuwa na moto. Askari wamefika, na wakishamaliza kazi huondoka. Katika shahamu iliyozidi, hasa ile ya ndani ya tumbo inayozunguka ini na utumbo, askari hawaondoki. Chembe za mafuta zikijaa kupita kiasi huanza kutoa kemikali za kuita msaada, na askari wakaja wakaweka kambi. Moto huo ni mdogo, hauumi wala hauonekani, lakini hauzimiki. Huizuia insulini kufanya kazi yake, na hapo kisukari hupata njia; huichakaza mishipa ya damu pia. Kuna homoni nyingine ya shahamu, adiponektini, ambayo kazi yake ni kuupoza moto huu. Ajabu ni kwamba kadiri mtu anavyonenepa, ndivyo hiyo inavyopungua. Askari waliochoka kwa kukesha bure hawapigani vyema adui wa kweli anapokuja, jambo ambalo huenda lilichangia kuwafanya wanene wengi kuzidiwa zaidi na UVIKO-19.

Akina mama wasihuzunike kwa habari ya nyonga na mapaja: shahamu ya huko haina madhara kama ya tumboni. Wala wasipoteze fedha kwa vidonge vya kukondesha vinavyouzwa kwa siri. Hata leptini yenyewe haiwasaidii wanene wa kawaida, kwani wanayo tele na ubongo umeacha kuisikiliza. Kinachosaidia ni kupunguza uzito kidogo. Mwenye kilo 90 akipunguza 5 hadi 9, aghalabu moto wa ndani hushuka. Soda, chai ya sukari nyingi na mahamri ya kila asubuhi ndipo pa kuanzia, pamoja na kutembea kwa miguu.

Kipimo ni tepu ya fundi cherehani. Pitisheni katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi. Shirika la Afya Duniani limetaja sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume kuwa ndipo hatari huanza kupanda. Baba naye apimwe.