MAJI YA PIPA: KUYATOA NA KUYABADILISHA KWA TIYO



Huku kwetu Butembo chemchem iko bondeni, nyumba iko juu ya kilima. Mama ao binti anapanda na bidoni ya litre 20 mgongoni. Mvua ikinyesha, tunakinga maji ya manjanja ndani ya pipa. Kwa kuwa tumeyapata kwa taabu, hatupendi kuyamwaga. Basi pipa linakaa majuma mengi bila kuoshwa.

Angalia ndani yake leo. Kuna matope chini, utelezi ukutani, pengine na mavi ya ndege yaliyotoka juu ya manjanja. Vile vidudu vinavyochezacheza ni watoto wa mbu. Tena kila mtu anaingiza kopo, na vidole vyake vinaingia pamoja na kopo. Mkono uliotoka kumpangusa mtoto unaacha uchafu humo. Hivi hata maji yaliyotoka mazuri kwenye chemchem yanaharibikia nyumbani. Ni njia moja ya kuhara, ya tifoidi na ya kolera.

Utasema: « Lakini pipa ni zito! » Ni kweli. Litre moja ya maji ni kilo moja. Pipa la litre 200 ni kilo 200. Mama mwenye mimba, ao aliyezaa juzi, ao aliyepasuliwa, asijaribu kuliinamisha. Tumia tiyo.

Vitu vya kutayarisha

Tiyo ya plastiki ya metre 3 hivi, mpya, iliyooshwa kwa sabuni ndani na inje. Bidoni safi zenye vifuniko. Kijiti safi na kamba. Usitumie hata kidogo tiyo iliyopitisha esanse, mazuti ao dawa ya shamba.

Namna ya kufanya

1. Weka pipa juu, kwa mfano kwenye barza ao juu ya matofali. Bidoni ikae chini yake. Milima yetu inasaidia hapa.

2. Funga ncha moja ya tiyo kwenye kijiti, ili ikae upana wa kiganja juu ya matope, isiyavute.

3. Nawa mikono kwa sabuni. Inua ncha zote mbili za tiyo, ujaze maji safi kwa kopo mpaka hewa yote itoke. Ziba ncha zote kwa vidole. Mtu wa pili akusaidie.

4. Ingiza ncha yenye kijiti ndani ya maji ya pipa, ushushe ya pili ndani ya bidoni. Achilia. Maji yatapanda ukingo wa pipa yenyewe na kushuka, kwa sababu maji yanayoshuka inje yanavuta yale yanayofuata. Hewa ikiingia, yanakatika, jaza tena.

5. Kwa kusimamisha, kunja tiyo. Maji mazuri yakiisha kutoka, shusha ncha mpaka chini kabisa, yale ya matope yatoke. Yapeleke chooni ao kwenye migomba.

6. Sasa pipa ni jepesi. Sugua ukuta wote kwa burashi na sabuni, kwa maana mbu wengine wanabandika mayai yao hapo, na mayai yanaweza kukaa hata pakiwa pakavu. Suuza, mwaga, kisha jaza. Funika.

Fanya hivi kila juma, kwa mfano siku ya posho. Wazungu wanaofuga nyumbani samaki wadogo wa ziwa Tanganyika, ndani ya sanduku za kioo, wanabadilisha maji yao kwa tiyo namna hii hii. Kama samaki anahitaji maji yaliyobadilishwa, je, mtoto wako?

Usivute kwa kinywa

Wengi wanaanzisha tiyo kwa kunyonya. Kwa maji, unaingiza uchafu wa kinywa. Kwa esanse ao petroli ni hatari kubwa: inaweza kuingia katika mapafu. Mtoto anaiga anachoona. Kama mtoto amekunywa petroli, usimtapishe. Akitapika, itapita mapafuni. Mpeleke upesi hospitali.

Maji ya kunywa

Tiyo haiuwi vidudu vya ugonjwa. Maji ya kunywa, yachemshe mpaka yatokote, uyaache dakika 3. Huku milimani maji yanatokota kabla ya kuwa na moto mwingi kama pwani. Yapoeshe yakiwa yamefunikwa, uyaweke katika ndoo yenye robine. Wakati wa Ebola, toka mwezi wa 8, 2018 mpaka mwezi wa 6, 2020, tulizoea ndoo hizo mlangoni kwa kunawa mikono. Usiitupe yako: maji yanatoka, mkono hauingii.

Kumbuka

– Pipa lifunikwe kila saa. Mtoto mdogo anaweza kuzama hata katika maji kidogo.
– Osha tiyo, uitundike ikauke, ncha zikitazama chini.
– Tiyo ya maji ni ya maji tu.
– Mtoto akihara, endelea kumnyonyesha, mpe serumu ya kunywa, umlete kwa munganga. Usingoje macho yazame.

Mama, ukifika nyumbani, fungua pipa lako na utazame chini.