Simu ikitambua ugonjwa wa muhogo, bwana shamba abaki na kazi gani?

Na Mwandishi Wetu, Tanga

MKULIMA wa muhogo wa Muheza, Mkinga au Pangani anaweza kulima, kupalilia na kusubiri mwaka mzima, kisha siku ya kuvuna akang'oa shina lenye majani mabichi na kukuta mizizi imeoza kwa ndani.

Hasara haimwishii yeye. Mchuuzi aliyelipia shamba likiwa bado limesimama naye huumia, kwani muhogo wenye madoa ya kahawia haununuliwi na muuza chipsi wala mama lishe.

Huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Pamoja na batobato, ndio adui mkubwa wa zao hili katika mwambao wote.

Kwa miaka mingi aliyetegemewa kuyatambua magonjwa hayo ni bwana shamba. Lakini mtaalamu mmoja huhudumia kaya nyingi, na hawezi kufika kila shamba. Sasa sehemu ya kazi yake imeanza kufanywa na simu ya mkononi.

Programu inayofanya hivyo inaitwa Nuru. Ilitengenezwa na mradi wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani, kwa kushirikiana na Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki (IITA), Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) na wengine. Inatumia akili mnemba, ambayo wengi huiita akili bandia.

Mashine hiyo haikuzaliwa na ujuzi. Ilifundishwa kwa maelfu ya picha za majani ya muhogo, zikiwamo zilizopigwa katika mashamba ya majaribio ya IITA nje ya mji wa Bagamoyo. Wataalamu waliitaja kila picha kwa jina la ugonjwa, na kompyuta ikajifunza kutofautisha. Matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka 2017.

Mtumiaji huelekeza kamera kwenye jani, na simu humtajia inachokiona. Programu ikishapakuliwa haihitaji intaneti, jambo lenye maana kwa vijiji ambavyo mtandao ni wa kubahatisha.

Nani anaona vizuri zaidi?

Mwaka 2020 watafiti walichapisha matokeo ya kuilinganisha Nuru na watu katika Afrika Mashariki. Nuru ilitambua dalili kwa usahihi wa asilimia 65. Maofisa ugani walipata kati ya asilimia 40 na 58, na wakulima kati ya asilimia 18 na 31.

Takwimu hizo zisitumike kumcheka mtu. Zinaonyesha kuwa dalili za magonjwa haya ni ngumu kuonekana, na hata mashine hukosea. Lakini ilipopimishwa majani sita ya shina moja badala ya moja tu, usahihi ulipanda hadi kati ya asilimia 74 na 88.

Hivyo basi, anayetumia simu asitosheke na jani moja. Batobato huonekana zaidi kwenye majani machanga ya juu, ambayo hujikunja na kuwa na mabaka ya njano. Michirizi ya kahawia hujitokeza zaidi kwenye majani yaliyokomaa ya chini, kwa unjano unaofuata mishipa ya jani.

Kamera haioni mzizi

Nuru inaona jani, haioni kilichomo ardhini. Shina laweza kuwa na majani yenye dalili hafifu huku mizizi ikiharibika. Aidha, simu haitibu. Magonjwa haya huletwa na virusi, na hakuna dawa ya kunyunyizia inayoponya shina lililokwisha kuugua.

Hapo ndipo kazi ya bwana shamba inapobaki, tena inaongezeka uzito. Ni yeye wa kuwashawishi majirani wang'oe mashina yanayougua kwa pamoja, kwani nzi weupe wanaoeneza virusi hawajui mpaka wa shamba. Ni yeye pia wa kumwelekeza mkulima kwenye mbegu safi. Anayepunguziwa kazi ya kutambua ugonjwa anapata muda wa kazi hiyo.

Tanga si mgeni katika vita hii. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na H. H. Storey, kutoka kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara. Wataalamu wa Amani waliuchanganya muhogo na jamaa yake, mti wa mpira wa Ceara, ili kupata mbegu zenye ukinzani. Mbegu ya Namikonga ina asili yake huko.

Kwingineko duniani mashine zimekwenda mbali zaidi. Uholanzi, kwa mfano, roboti zinakamua ng'ombe tangu mwaka 1992. Kwetu mabadiliko yameingia kupitia kifaa ambacho vijana wengi tayari wanacho mfukoni.

Mambo ya kuzingatia

Kagua shamba unalotaka kuchukua mbegu kabla halijakatwa, shina kwa shina, majani sita kila shina. Ng'oa mashina machache uikate mizizi uone ndani. Usichukue pingili kwenye shamba lenye dalili, hata ukipewa bure, kwani pingili ndizo zinazosafirisha ugonjwa mbali.

Mbegu kama Kiroba huvumilia michirizi, lakini kuvumilia si kutougua, nayo ikaguliwe. Ukiweza, nunua kwa wazalishaji waliokaguliwa na Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu (TOSCI).

Na wewe mchuuzi unayenunua shamba kwa macho, usimalize malipo kabla hujapasua mzizi. Simu itakusaidia kushuku, ila kisu ndicho kitakachokuhakikishia.