Kanuni za Gofu na Mwendo wa Mchezo (Sehemu ya Tatu): Kujua Sheria Ndiko Kuwahi

Gofu haina refa wa kukimbia na filimbi nyuma ya wachezaji. Mashindano makubwa yana waamuzi, nao huitwa panapotokea utata. Muda mwingi mchezaji ndiye anayeamua juu ya mpira wake mwenyewe, tena mara nyingi akiwa kichakani, wenzake wakiwa mbali. Mwaka 1925, katika mashindano ya wazi ya Marekani, mchezaji Bobby Jones aliona mpira wake umesogea kidogo wakati akijiandaa kuupiga. Wengine hawakuona. Alijihesabia pigo moja la adhabu, akamaliza sawa na Willie Macfarlane, na katika raundi za ziada za kumpata mshindi Macfarlane akatwaa ubingwa.

Katika sehemu mbili zilizopita nilieleza fimbo, mpira, na jinsi mashimo yanavyopangwa kuanzia tii, yaani mahali pa kupigia pigo la kwanza, hadi grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo. Leo nataka kuzungumzia sheria pamoja na mwendo wa mchezo, na ninaviweka pamoja kwa makusudi. Wengi huvitenganisha: sheria huonekana ni jambo la haki, na mwendo ni jambo la adabu. Mimi naamini ni kitu kimoja. Uchelewaji mwingi uwanjani hautokani na uzito wa miguu. Unatokana na mtu kusimama mbele ya mpira wake asijue anaruhusiwa kufanya nini, akawaita wenzake watatu, nao wasijue, wote wanne wakaanza kujadiliana huku kundi la nyuma likisubiri.

Kanuni za kwanza zilizoandikwa zinazojulikana ni za mwaka 1744, za wachezaji wa Leith, Uskoti. Zilikuwa 13 tu. Leo zinatungwa na vyombo viwili, R&A chenye makao St Andrews na USGA cha Marekani. Mwaka 2019 zilipunguzwa kutoka 34 hadi 24, na mwaka 2023 ikaongezwa ya 25 inayowahusu wachezaji wenye ulemavu. Mageuzi yale ya 2019 yalikuwa na lengo la wazi: sheria zieleweke upesi, na mchezo usikawie.

Tuanze na mpira uliopotea, maana hapo ndipo muda mwingi huishia. Kanuni ya 1744 ilisema aliyepoteza mpira arudi alipopigia mara ya mwisho, adondoshe mwingine, na mpinzani wake apewe faida ya pigo moja. Karibu miaka 300 baadaye, msingi ni uleule: unarudi ulikotoka na unajiongezea pigo moja. Kilichobadilika ni saa. Kabla ya 2019 ulikuwa na dakika tano za kutafuta. Sasa ni tatu, zinazoanza kuhesabiwa pale wewe au kedi wako, yaani mbeba fimbo zako, mnapoanza kutafuta. Zikiisha, mpira umepotea kisheria hata ukionekana sekunde moja baadaye.

Dawa ya safari ya kurudi ni mpira wa akiba. Ukipiga, ukaona mpira umeelekea kwenye majani marefu au huenda umetoka nje ya mipaka, piga mwingine palepale kabla ya kwenda kutafuta. Lakini sema kwa sauti kwamba huo ni mpira wa akiba. Usiposema, sheria inauhesabu kuwa ndio mpira wako wa mchezo, na ule wa kwanza umekwisha hata ukiukuta umelala mahali pazuri. Ukiutangaza, kisha ukaukuta wa kwanza ndani ya dakika tatu na ndani ya mipaka, unaendelea na ule wa kwanza bila adhabu. Ni sentensi moja tu ya kutamka, nayo inawaokolea watu wanne muda mrefu wa kurudi nyuma na kusubiri.

Sasa tuchukue mazingira yetu ya kusini mwa Tanzania. Wasomaji wengi wa Masasi na Newala wameiona gofu kwenye televisheni tu, kwenye nyasi zilizonyweshwa zikawa kama zulia, hivyo wanadhani sheria zake ziliandikwa kwa ajili ya nyasi hizo. Sivyo. Hebu mpira uingie chini ya mkorosho, matawi yameshuka hadi karibu na ardhi, na fimbo haina nafasi ya kuzunguka. Mchezaji mwenyewe, wala si mwingine, ana haki ya kutangaza kwamba mpira huo hauchezeki. Akitangaza hivyo anajiongezea pigo moja na kuchagua njia moja kati ya tatu. Anaweza kurudi alipopigia mwanzo. Anaweza kurudi nyuma kadiri apendavyo, mradi abaki kwenye mstari unaotoka shimoni kupitia mpira ulipolala. Au anaweza kudondosha mpira ndani ya urefu wa fimbo mbili kutoka ulipo, bila kulisogelea shimo. Kudondosha ni kutoka usawa wa goti. Zamani ilikuwa usawa wa bega, na mpira ulikuwa ukiruka ovyo hadi watu wakarudia mara mbili na tatu.

Na yale mabibo yaliyoanguka kando ya mpira? Yaondoe bila adhabu. Majani makavu, vijiti, mawe yasiyoshikamana na ardhi, kinyesi cha mbuzi, hata kijilima cha sisimizi, vyote hivyo ni vizuizi vya asili vilivyo huru, na tangu 2019 unaviondoa popote, hata ndani ya banka la mchanga. Sharti ni moja: nje ya grini, mpira usisogee kwa sababu yako, ukisogea ni pigo moja. Bibo lililo bado mtini haliguswi, wala tawi halivunjwi ili kupata nafasi. Na majabali ya Masasi, yale yaliyozama ardhini tangu enzi na enzi, hayaondoki wala hayakupi nafuu ya bure. Mpira ukijibana ubavuni mwa jabali, ucheze jinsi ulivyo au utangaze kuwa hauchezeki.

Jambo linalonipendeza zaidi katika kanuni hizi ni jinsi zinavyojali uhai. Mpira ukilala karibu na nyoka mwenye sumu au kundi la nyuki, hulazimiki kuucheza hapo, na hulipi chochote. Unatafuta mahali pa karibu penye usalama pasipolisogelea shimo, unadondosha ndani ya urefu wa fimbo moja, unaendelea. Tundu lililochimbwa na mnyama nalo linakupa nafuu kama hiyo. Mbali na hizo, kila uwanja unaruhusiwa kuwa na kanuni zake za mahali. Mfano maarufu wa Afrika Mashariki ni uwanja wa Jinja, Uganda, karibu na Mto Nile unapotoka Ziwa Victoria: mpira ukitumbukia kwenye unyayo wa kiboko, mchezaji aliruhusiwa kuutoa bila adhabu. Kanuni ya namna hiyo ikishaandikwa kwenye kadi, hakuna mjadala tena, na kundi linasonga.

Nije kwenye mwendo wenyewe. Kanuni zinapendekeza mchezaji apige ndani ya sekunde 40 tangu anapoweza kupiga bila kuzuiwa, na zinasema kwa kawaida inapaswa kuwa chini ya hapo. Sekunde chache zina uzito gani? Tuchukue kundi la watu wanne, kila mmoja akimaliza mashimo 18 kwa mapigo 90. Jumla ni mapigo 360. Kila pigo likichelewa sekunde 15 tu zisizo za lazima, tumepoteza sekunde 5,400, yaani saa moja na nusu. Na hilo ni kundi moja. Makundi yote yaliyo nyuma hayana pa kupita, yanalipa deni lile lile.

Mchezaji mzuri wa bao hangoji zamu imfikie ndipo aanze kuhesabu kete. Anahesabu wakati mwenzake anatakata, na mkono wa mwenzake ukisimama, wake umeshanyanyuka. Gofu inataka hivyo hivyo. Unapouendea mpira wako, pima umbali, angalia upepo, chagua fimbo. Zamu ikifika, kilichobaki ni kupiga. Kwa desturi aliye mbali zaidi na shimo ndiye anayeanza, lakini pale hesabu inapokuwa ya jumla ya mapigo, sheria sasa inahimiza aliye tayari apige, mradi ni salama na hamdhuru mtu. Kwenye mechi ya mtu na mtu zamu bado ina maana ya ushindani, kwa hiyo wawili hao hukubaliana kwanza. Na kundi lililobaki nyuma, mbele yake kukiwa wazi, likaribishe la nyuma lipite. Hii si aibu hata kidogo.

Adhabu zipo. Kuchelewesha mchezo bila sababu ni pigo moja kwa kosa la kwanza. Katika hesabu ya mapigo, la pili ni mapigo mawili, na la tatu ni kuondolewa mashindanoni. Aprili 2013, kwenye mashindano ya Masters huko Augusta, Marekani, kijana wa Kichina Guan Tianlang, mwenye umri wa miaka 14, aliongezewa pigo moja kwa kuchelewa katika shimo la 17 la siku ya pili, baada ya kuonywa. Wengi walimwonea huruma kwa utoto wake. Nami namwonea, ila naheshimu zaidi alivyoipokea: hakubishana, na alifuzu kucheza siku mbili za mwisho.

Kwa Newala na vijiji vya uwandani, swali gumu zaidi la kuanzisha uwanja ni maji. Juu ya uwanda wa Makonde mvua huzama mchangani, na akina mama wameshuka mabondeni kwa ndoo tangu zamani. Kutumia maji hayo kunyweshea grini kungekuwa dhambi. Lakini gofu ya nchi zetu ina jibu la zamani: brauni. Miji mingi midogo ya Afrika Mashariki ilicheza kwenye duara la mchanga ulioshindiliwa badala ya nyasi, ukichanganywa na oili ili usipeperuke. Oili mimi siishauri, kwa kuwa ardhi ya uwandani inanyonya kila kinachomwagwa juu yake. Mchanga uliosawazishwa kwa reki au gunia zito unatosha. Kwenye brauni kazi ya kusawazisha ndiyo hula muda, hivyo mwekeni mtu mmoja kwa zamu: aliyemaliza kwanza ndiye anayevuta gunia wakati wengine wanaelekea tii inayofuata.

Uwanja ukiwepo, anayetoka kazini na kuanza kucheza saa tisa alasiri ana takriban saa tatu za mwanga. Mashimo tisa yanatosha kabisa kwa muda huo, ikiwa watu wanne watatumia kama saa mbili. Kwa wanaoanza, ningependekeza hesabu ya Stableford, iliyobuniwa na daktari Frank Stableford na kutumika kwa mara ya kwanza mashindanoni katika klabu ya Wallasey, Uingereza, mwaka 1932. Humo hakuna kuhesabu mapigo kwenda juu bila kikomo. Unapata pointi mbili kwa kufikia kiwango cha shimo, yaani idadi ya mapigo iliyowekwa kwa shimo hilo, moja ukizidisha pigo moja, tatu ukipunguza moja. Ukizidisha mapigo mawili hakuna pointi, basi unaokota mpira na kusonga shimo linalofuata. Mwanafunzi aliyezama kwenye mchanga hapigi mara kumi na tano huku wenzake wakimtazama. Anapoteza shimo moja tu, raundi yake inabaki hai.

Kiwango cha shimo, hata hivyo, hakiwezi kuwa kimoja kwa aliyeanza jana na aliyecheza miaka 20. Namna ya kuwasawazisha inaitwa handikapu, na hesabu yake ndiyo sehemu ya nne ya mfululizo huu.