Uvimbe wa mfupa uliovunjika ni mafundi wako kazini

Na Mwandishi Wetu, Palma

KUANZIA Mocímboa da Praia hadi Namoto, ambako wafanyabiashara huvuka Mto Rovuma kwenda Kilambo na Mtwara, si ajabu kukutana na mtu anayechechemea kwa sababu mfupa wake uliunga upande.

Wengine walianguka na pikipiki. Wengine waliumia wakikimbia mashambulizi, yakiwamo ya Palma ya Machi 2021, wakakaa porini siku nyingi bila kumwona daktari. Sasa wamerudi nyumbani na wanauliza: je, mfupa ulioharibika unaweza kujengwa upya?

Mara nyingi unaweza. Lakini kwanza tumjue anayeujenga.

Askari wanaogeuka mafundi

Sisi tuliosoma ukimbizini Tanzania wakati wa vita iliyokwisha mwaka 1992, tulifundishwa kwamba chembe nyeupe za damu ni askari wanaopigana na vijidudu. Hiyo ni nusu ya habari. Askari hao ndio pia wasimamizi wa ujenzi wa mfupa.

Mfupa unapovunjika, damu huvuja na kuganda hapo hapo. Ndani ya saa chache hufika chembe nyeupe ziitwazo nyutrofili, kisha makrofeji, ambazo humeza damu iliyokufa na vipande vilivyosagika. Kazi hiyo ndiyo huleta uvimbe, joto na maumivu.

Baada ya siku kadhaa makrofeji hubadili tabia. Huacha vita na kutoa ishara za kuita chembe changa zinazojenga gegedu, mishipa ya damu na mfupa mpya. Katika wiki mbili tatu hivi pengo huzibwa na gegedu laini, ambalo baadaye hugeuka mfupa mgumu. Kuukamilisha huchukua miezi, hata miaka.

Ndiyo maana kumchua majeruhi kwa nguvu siku za mwanzo ni hatari. Vipande vya mfupa husogea na kazi ya mafundi huvurugika.

Kutoka plasta hadi matumbawe

Pengo likiwa kubwa, kwa mfano risasi ikisaga mfupa, mafundi hawa hushindwa kulivuka. Madaktari huchukua mfupa wa mgonjwa mwenyewe, mara nyingi nyongani, au hutumia vipandikizi vya madini ya chokaa, yaani kalsiamu.

Jambo hili si geni. Mwaka 1892 daktari Dreesmann wa Ujerumani alieleza jinsi mashimo ya mifupa yalivyojazwa plasta, jamaa ya ile tunayofungwa tukiita hogo. Mwaka 1920 Fred Albee wa Marekani alitoa taarifa ya kutumia chumvi ya kalsiamu na fosfeti.

Mwaka 1974 watafiti Roy na Linnehan walionyesha kuwa matumbawe yanaweza kugeuzwa kuwa madini yanayofanana na ya mfupa. Matumbawe ya bahari kama hii yetu ya Vamizi na Rongui ni chokaa yenye vitundu vidogo, na katika baadhi ya aina vitundu hivyo hukaribiana na vya mfupa. Ni jiwe lile lile ambalo wazee walichoma tanurini kujengea nyumba.

Hata hivyo, kipandikizi ni jukwaa tu la kupandia mafundi. Makrofeji hukipima kwanza. Zikitulia, ujenzi huanza. Zikiendelea kupigana, hukizungushia kovu badala ya mfupa. Kwa hiyo watafiti wa leo wanachunguza ukubwa wa vitundu na ukwaruzo wa kipandikizi, ili makrofeji zitulie kwa wakati wake.

Baadaye chembe zinazotafuna mfupa, ambazo ni ukoo mmoja na makrofeji, hukila kidogo kidogo na mfupa halisi huchukua nafasi yake.

Onyo: usisage matumbawe nyumbani ukapaka kidonda. Ya hospitali husafishwa na kuuliwa vijidudu vyote.

La kufanya

Aliyevunjika afungwe gango mguu au mkono usitikisike, kisha apelekwe hospitali. Vidole vikiwa baridi, vya bluu au vyenye ganzi, kifungo kimebana mno, kilegezwe haraka.

Diklofenaki, inayouzwa kirahisi hapa mpakani, hupunguza uvimbe, lakini uvimbe wa mwanzo una kazi yake. Usiimeze wiki nyingi bila ushauri wa daktari. Sigara nayo huchelewesha mfupa kuunga.

Mfupa uliokwisha kuunga upande unaweza kukatwa na kupangwa upya kwa upasuaji. Aliye huku aulizie rufaa ya kwenda Pemba. Aliye ng'ambo ya Rovuma aanzie Ligula, Mtwara. Asikubali kuambiwa kuwa ndivyo atakavyobaki kabla hajapigwa picha ya eksirei.