Mchoraji na Mjenzi Wakiwa Mtu Mmoja: Mwenye Nyumba Alinde Vipi Fedha Zake?

Katika kila mji wetu, na hata pembezoni mwa vijiji, zipo nyumba zilizokoma kwenye linta. Kuta zimesimama, nondo zimechomoza juu zikila kutu, na ndani ya vyumba yameota majani. Wapita njia husema kwamba mwenyewe ameishiwa. Maneno hayo ni kweli, ila hayaelezi fedha zilipotelea wapi. Mara nyingi hesabu ya nyumba ile haikufanywa kabla ya jembe la kwanza kupigwa. Ilikisiwa kwa mdomo, papo hapo kiwanjani, na mtu aliyekuwa akitafuta kazi.

Siku hizi jambo hili limepata sura nyingine. Wamekuwa wengi wajenzi wanaomwambia mwananchi: tuonyeshe kiwanja, tupe fedha, nasi tutakukabidhi ufunguo. Mjenzi huyo huchora ramani, hukadiria gharama, hununua vifaa na kujenga. Wataalamu huuita utaratibu huu kusanifu na kujenga. Una manufaa yake makubwa, na una hatari zake. Yafaa kila familia inayokusudia kujenga iyafahamu yote mawili kabla ya kutia saini.

Katika utaratibu uliozoeleka, kazi hugawanywa. Msanifu majengo huchora ramani. Mkadiriaji huipima ramani hiyo na kuandika orodha ya vifaa na kazi zote. Kisha wakandarasi kadhaa hutoa bei zao juu ya orodha ile ile, na mmoja huchaguliwa. Faida yake ni kwamba mchoraji huwa jicho la mwenye nyumba, akimkagua mjenzi. Kasoro yake ni kwamba paa likivuja, mjenzi humlaumu mchoraji na mchoraji humlaumu mjenzi, naye mwenye nyumba hubaki kati akiweka ndoo chini ya tone.

Kumtwika mtu mmoja dhamana yote si jambo geni. Hammurabi, mfalme wa Babeli aliyetawala kiasi cha miaka 3,750 iliyopita, aliziandika sheria zake juu ya jiwe ambalo leo limehifadhiwa katika jumba la Louvre, mjini Paris. Humo ujira wa mjenzi umewekwa kwa kadiri ya ukubwa wa nyumba, yaani shekeli mbili za fedha kwa kila kipimo kimoja cha eneo. Tena imeamriwa kwamba ukuta ukianza kulegea, mjenzi auimarishe kwa mali yake mwenyewe. Na nyumba ikianguka na kumwua mwenyewe, mjenzi auawe. Adhabu hiyo haitufai sisi, lakini maana yake ingalipo: bei ijulikane mapema, na mwenye kuwajibika ajulikane.

HEKIMA YA KUKAA MEZA MOJA

Faida ya mchoraji na mjenzi kushirikiana mapema ilionekana mjini New York. Wajenzi wa jengo la Empire State waliketi na wasanifu tangu michoro ilipokuwa ingali ikitengenezwa, wakiwaeleza kipi kitajengeka upesi na kipi kitachelewesha. Kusimamisha vyuma kulianza Machi 1930, na jengo hilo la ghorofa 102 likafunguliwa tarehe 1 Mei 1931. Gharama zake pamoja na kiwanja zilifika kama dola milioni 41, chini ya kiasi kilichokadiriwa. Ni kweli kwamba mdororo wa uchumi wa miaka ile ulishusha bei za vifaa na ujira. Lakini haraka ile isingewezekana kama mjenzi angaliletewa ramani asiyopata kuiona.

Mfano wa kinyume chake ni jumba la michezo ya opera la Sydney, nchini Australia. Mwaka 1957 mashindano ya kulichora yalishindwa na Jørn Utzon, raia wa Denmark, na gharama zikakadiriwa kuwa sawa na dola milioni 7 za Australia. Serikali ya jimbo ilikuwa na haraka. Ujenzi ukaanza Machi 1959, kabla haijajulikana namna ya kulijenga lile paa lake la magamba. Paa lilipopata umbo lake la mwisho, ilionekana kwamba baadhi ya nguzo zilizokwisha kujengwa hazingeweza kulibeba, ikabidi zibomolewe na kujengwa upya. Utzon alijiuzulu mwaka 1966. Jumba lilifunguliwa tarehe 20 Oktoba 1973, miaka kumi baada ya wakati uliotarajiwa, na gharama zilikuwa dola milioni 102, yaani zaidi ya mara 14 ya makadirio ya kwanza. Leo ni fahari ya nchi ile. Lakini sehemu kubwa ya fedha ilipatikana kwa bahati nasibu ya serikali. Baba na mama wanaojenga kwa mshahara, au kwa mauzo ya kahawa na ndizi, hawana bahati nasibu ya kuwaokoa.

Funzo ni hili: utaratibu wowote ule haumwokoi anayejenga kabla ya kujua anajenga nini. Makadirio ni kivuli cha ramani. Ramani isipokuwapo, kivuli hicho ni cha kitu gani?

HESABU AMBAYO KILA MTU AWEZA KUIFANYA

Wengi huogopa makadirio wakidhani ni elimu ya wataalamu peke yao. Tuchukue nyumba ya mita 9 kwa 8, yenye kuta za ndani zenye urefu wa mita 18 kwa jumla. Mzunguko wa nje ni mita 34. Jumla ya kuta zote ni mita 52. Kwa kimo cha mita 2.7, tunapata mita za mraba 140. Tukiondoa milango 6 na madirisha 7 ya kawaida, hubaki kama mita za mraba 119. Matofali ya saruji yenye urefu wa inchi 18 na kimo cha inchi 9 huhesabiwa 10 kwa kila mita ya mraba, pamoja na yanayovunjika. Basi kuta zahitaji matofali 1,190 hivi, mbali na yale ya msingi.

Sakafu ya nyumba hiyo ni mita za mraba 72. Ikimwagwa zege yenye unene wa sentimita 10, ni mita za ujazo 7.2. Zege ya kipimo kimoja cha saruji, viwili vya mchanga na vinne vya kokoto hula kama mifuko 6 na nusu ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo; hivyo sakafu itahitaji mifuko 47. Fundi akishauri kiwanjani kwamba unene uongezwe kuwa sentimita 15, mifuko itakuwa 70. Sentimita tano, ambazo jicho halizioni, zimekula mifuko 23.

Paa ndilo huwadanganya wengi, kwa kuwa hulipima kwa ukubwa wa sakafu. Paa likitokeza sentimita 60 kila upande na kuinama nyuzi 25, eneo lake hufika mita za mraba 103, si 72. Tena bati hupandana, kwa hiyo zinazonunuliwa huzidi hapo. Hii ndiyo sababu nyumba nyingi hukoma kwenye linta: fedha za paa zilihesabiwa pungufu tangu mwanzo.

Hesabu hiyo yatufundisha pia gharama ya kubadili nia. Kuongeza urefu wa nyumba kwa mita moja kwenye karatasi hugharimu kifutio tu. Kufanya hivyo baada ya msingi kuchimbwa huongeza matofali 54 ya kuta, mifuko 5 ya saruji ya sakafu, mbao na bati za paa, na siku za vibarua. Kwa hiyo mume na mke waketi pamoja mapema, waamue moshi wa jiko utatokea wapi, maji yatahifadhiwa wapi, mzee asiyeweza kupanda ngazi atalala chumba kipi. Mara nyingi mama ndiye anayegundua kasoro za jikoni, naye huulizwa wakati lipu imekwisha kukauka.

UKIMPA KAZI MJENZI MMOJA

Hata serikali hutumia utaratibu huu. Katika nchi jirani ya Tanzania, bwawa la umeme la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilitolewa kwa makampuni mawili ya Misri kwa mkataba uliotiwa saini Desemba 2018, wa kusanifu, kununua mitambo na kujenga. Lakini serikali inapofanya hivyo huandika kwanza matakwa yake kwa kirefu, na huweka wahandisi wake wa kuikagua kazi. Mwananchi naye hana budi kufuata mwendo huo kwa kadiri ya uwezo wake.

Kwanza, aandike matakwa yake. Mjenzi aliyekubali bei moja kwa nyumba nzima hupata faida zaidi kila anapotumia kitu hafifu mahali ambapo mkataba umenyamaza. "Bati nzuri" ni maneno matupu. Iandikwe geji yake. "Mlango imara" hautoshi. Itajwe aina ya mbao.

Pili, adai orodha ya vifaa na vipimo, hata kama amepewa bei ya jumla. Bila orodha hiyo hawezi kulinganisha wajenzi wawili, wala kujua amepunjwa wapi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Tatu, malipo yaifuate kazi, yasiitangulie. Yagawanywe kwa hatua: msingi, kuta, paa, milango na madirisha, lipu na rangi. Sehemu ya mwisho, asilimia 5 au 10, izuiliwe mpaka nyumba ionje masika moja, kwa maana mvua ni mkaguzi asiyepokea hongo.

Nne, atafute jicho jingine. Kwa kuwa mchoraji na mjenzi wamekuwa mmoja, hakuna wa kumsahihisha. Mtaalamu asiye na hisa katika kazi hiyo aitwe japo mara tatu: kabla ya kufukia msingi, kabla ya kumwaga zege ya linta, na kabla ya kuezeka. Ujira wake ni mdogo ukilinganishwa na ukuta wa kubomoa.

Tano, aweke akiba ya asilimia 10 hivi juu ya makadirio, kwa ajili ya mwamba chini ya ardhi na kupanda kwa saruji. Akiba hiyo isitajwe kiwanjani.

Mjenzi mwaminifu hatachukizwa na masharti haya, maana yanamlinda yeye pia dhidi ya mteja anayebadili nia kila juma kisha akakataa kulipa. Anayeyakimbia na aachwe aende zake, na familia iendelee kutunza fedha zake. Kiwanja kitupu bado ni mali. Kuta zisizo na paa hupungua thamani kila msimu wa mvua.