Maumivu ya Neva ya Mguu

Wanafunzi wa Kidato cha Pili wameniuliza kwa nini muhula uliopita nilifundisha nimesimama, nimeegemea meza, na kwa nini sikuketi hata siku ya mkutano wa wazazi. Wengine, nasikia, walisema nimeanguka na baiskeli. Naomba nafasi katika gazeti letu nieleze kisa chenyewe, maana ugonjwa huu ni wa watu wengi.

Siku ya kupokea mahindi ya jikoni niliinama, miguu imenyooka, nikanyanyua gunia huku najizungusha. Nilisikia kiunoni kama kamba inakatika. Asubuhi yake maumivu yalianzia tako la kulia, yakashuka nyuma ya paja, yakapita shavu la mguu mpaka kidole gumba, mfano wa moto. Kila nilipokohoa nililia.

Sasa tuutazame mwili. Uti wa mgongo ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine, na kati yake mna visahani vyenye ganda gumu nje na ute mzito ndani, ili tuweze kuinama na kuruka bila mifupa kusagana. Kutoka humo hutokea neva, yaani nyuzi zipelekazo habari kati ya ubongo na viungo. Mizizi mitano ya sehemu ya chini hukutana ikafanya neva moja iitwayo siatiki, nene kuliko zote mwilini. Unene wake wakaribia ule wa kidole. Hupita takoni, hushuka nyuma ya paja, na karibu na goti hugawanyika.

Ganda la kisahani likipasuka, ute hujitokeza ukabana mzizi wa neva. Ajabu ni kwamba ubongo hudhani mguu ndio unaoumia. Mimi nilichuliwa mguu kwa mafuta siku nne, na mguu wenyewe haukuwa na kosa lo lote! Hata matabibu walichelewa kulifahamu jambo hili. Ni mwaka 1934 ndipo Mixter na Barr, madaktari wa Boston, walipoandika kuonyesha kwamba kisahani kilichotokeza chaweza kuleta maumivu hayo. Kwetu wengi husema ni baridi yabisi, wengine husema mtu karogwa. Wazee huweza kuupata kwa sababu njia ya neva imekuwa nyembamba. Sindano ya takoni iliyochomwa pasipo pake nayo yaweza kuidhuru neva hiyo.

Kosa langu la pili lilikuwa kulala. Jirani alinishauri nilalie ubao, nikalala siku kumi na mbili. Daktari alinilaza chali, akauinua mguu wangu ukiwa umenyooka; haujafika mbali nikapiga kelele. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, siku zote hizo ulikuwa ukingoja nini?" Aliniamuru nitembee kidogo kidogo kila siku, nisikae kitini muda mrefu, nitumie dawa ya maumivu kwa kipimo chake, na nifanye mazoezi niliyofundishwa. Alinieleza kwamba wengi hupata nafuu katika majuma sita hadi kumi na mawili bila kupasuliwa, kwani mara nyingi mwili wenyewe huunyonya ule ute. Kisu ni cha wachache.

Lakini tangu siku ya tatu niliona kidole gumba hakiinuki, wala sikumwambia mtu. Nguvu zikipungua mguuni, daktari apashwe habari upesi. Na mgonjwa akipata ganzi katikati ya mapaja, pale tunapokalia tandiko la baiskeli, au akashindwa kukojoa, au haja ikamtoka bila kujua, au miguu yote miwili ikalegea, apelekwe hospitali saa ile ile, hata ikiwa usiku wa manane. Akicheleweshwa huenda asipone maisha yake yote.

Maumivu yangu yalikwisha juma la tisa. Nguvu hazijarudi zote. Mkinitazama nikipanda ngazi za maabara mtaona ncha ya kiatu cha kulia imelika. Magunia bado napokea, lakini sasa twachuchumaa, twalikumbatia gunia karibu na kifua, na hunyanyuliwa na watu wawili.